Kamari Yetu, Kamari Yao

Sehemu ya Tisa: Shahidi Mwenye Fahari

Mlango tuliouacha ukifunguka Jumapili iliyopita haukumwingiza polisi. Najua wengi wenu mlibashiri polisi. Mkeka wenu wa ubashiri umechanika.

Aliyeingia ni Mtanashati.

Kwa msomaji anayetufikia leo: Kinyozi ana kibanda chenye viti viwili na kioo kimoja. Pembeni ya kioo aliweka mashine ya kupokea madau ya mpira kwa niaba ya kampuni yenye leseni halali katika nchi ya jirani. Kwetu, apokeaye madau bila leseni ya hapa ni mhalifu, na leseni ya hapa anayo mmoja tu, Bahati Nasibu ya Taifa. Kinyozi alikamatwa wembe ukiwa mkononi. Mteja wake alirudi nyumbani amenyolewa nusu.

Mtanashati ndiye mjumbe wa ile kampuni. Ana suti inayombana kwa makusudi, na tabasamu analolivaa asubuhi pamoja na viatu.

Chumba cha mawakili nyuma ya mahakama ni kidogo. Mle ndani walikuwamo watu watatu tu: Kinyozi, wakili wake, na huyu aliyeingia bila kubisha hodi.

"Kaka," Mtanashati alimwambia Kinyozi, bila kumtazama wakili, "leo unakiri kosa."

"Nakiri?"

"Hakimu akikuuliza, unasema ni kweli. Unapigwa faini, kampuni inalipa, mchana uko kibandani unanyoa watu. Rahisi."

"Faini gani?" aliuliza wakili.

Wakili huyu ni mwanamke. Mahakama nzima humwita Bi Chumvi, kwa sababu mwenye kidonda hapendi amkaribie.

"Faini ya kawaida, dada."

"Kifungu kilirekebishwa mwaka jana. Neno faini lilifutwa. Kilichobaki ni kifungo cha miaka mitatu, na hakimu haruhusiwi kukipunguza. Umekisoma?"

"Tumezungumza na wakubwa."

"Sikuuliza umezungumza na nani. Nimeuliza kama umekisoma."

Hakuwa amekisoma. Watu wa aina yake hawasomi sheria. Wao huzungumza na wakubwa.

Kinyozi alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa kiti kina msumari.

"Miaka mitatu," alisema. "Kaka, kichwa cha mtu hakisubiri miaka mitatu. Nikitoka, wateja wangu wote watakuwa kwa mwingine, au wana vipara."

"Usimsikilize. Mawakili wanapenda kesi ndefu."

Bi Chumvi alivua miwani. Wanaomfahamu huondoka chumbani akivua miwani. Mtanashati hakumfahamu kiasi hicho.

"Tangu kesi ianze mmenihimiza nipiganie mlango ufunguliwe," alisema. "Mlitaka mahakama iseme kwamba mwenye leseni ya jirani aruhusiwe kuhudumia watu wa hapa. Mlinipigia simu hata nikiwa msibani. Leo mnataka mlango ufungwe. Mtu anayetaka mlango ufungwe ni yule aliyekwisha kuingia. Mmepewa leseni?"

Tabasamu lilipanuka kidogo.

"Mazungumzo yanaendelea vizuri."

"Ninyi peke yenu?"

"Wizara inapenda utaratibu. Mmoja wa taifa, mmoja wa nje. Wengi wakiingia ni vurugu."

Ndiyo hivyo, msomaji. Kampuni hii iliyoajiri wasemaji wa kuhubiri uhuru wa biashara kwenye redio tatu ilikuwa imepata nafasi ndani ya uzio, na sasa uzio ulikuwa mzuri.

"Kwa hiyo nikishinda kesi," Kinyozi alisema polepole, "nawaharibia."

"Ukishinda," alisema Bi Chumvi, "kila kampuni yenye leseni ya jirani itafungua hapa. Hawa watakuwa wamenunua kiti cha peke yao kwenye basi ambalo kila mtu anapanda bure."

"Na nikifungwa?"

"Kwao hakuna kitakachokuwa kimetokea."

Mtanashati alitazama saa yake, ambayo ilikuwa kubwa kuliko kazi yake.

"Wakili, huduma yako inaishia hapa. Hulipwi tena."

"Kampuni yako haijawahi kunilipa. Nimelipwa na kitu kinachoitwa Chama cha Wapenzi wa Michezo."

"Basi wapenzi wa michezo wamekuchoka."

Akatoka. Aliacha nyuma harufu ya manukato iliyokaa kwa muda mrefu kuliko hoja zake.

"Dada," alisema Kinyozi, "mimi sina cha kukulipa."

"Sijakuomba."

"Basi kwa nini ubaki?"

Msidhani ni huruma. Bi Chumvi huwaachia wengine mambo ya huruma. Alichoudhika nacho ni kufukuzwa kwenye kesi na mtu asiyejua kifungu.

"Vaa koti lako vizuri," alimjibu. "Umekosea vifungo."

*

Mahakamani, Wakili wa Serikali alikuwa amekwisha kupanga faili zake kwa ukubwa. Ni kijana mrefu anayeshinda kesi nyingi, kwa sababu wengi anaowashtaki hawana mawakili. Yeye hudhani ni kipaji.

Asubuhi hiyo alimwita Mkurugenzi wa Bahati Nasibu ya Taifa.

Kazi ya Mkurugenzi ilikuwa moja. Kuna Mkataba wa Soko la Pamoja, ambao nchi yetu ilitia saini kwa shangwe na kisha ikausahau. Unasema mwenye leseni halali katika nchi moja mwanachama anaweza kutoa huduma katika nyingine. Nchi inaweza kumzuia, hata katika kamari. Inaweza hata kupiga marufuku kamari yote. Isichoweza ni kumzuia jirani kwa kisingizio cha kuwalinda wananchi, huku yenyewe ikiwasukuma wananchi haohao wacheze. Sababu ikiwa ya uongo, uzio ni haramu.

Kwa hiyo Mkurugenzi alipaswa kusema tu kwamba serikali inawalinda watu. Alisema, tena vizuri, kwa sauti nzito na tumbo mbele.

"Lengo la sheria ni kumkinga mwananchi na uraibu. Kamari ni hatari. Taifa linatoa mchezo mmoja, wenye kiasi, chini ya uangalizi, ili wenye hamu wasiangukie mikononi mwa wageni."

"Ahsante, Mkurugenzi," alisema Wakili wa Serikali, akakaa kama mtu aliyekwisha kula.

Bi Chumvi alisimama kwa maswali ya dodoso.

"Mkurugenzi, mwaka huu wachezaji wenu wamepungua?"

Jibu la mtu mwenye akili lilikuwa "ndiyo". Jibu la mtu mwangalifu lilikuwa "sikumbuki". Mkurugenzi, bahati mbaya, alikuwa ameulizwa swali hilo na bodi yake kila mwaka tangu ateuliwe, na kwa jibu lake alipandishwa cheo, akapewa gari, akapewa na ngao ya kioo ofisini. Kwake swali hilo lilikuwa mlango wa kuingilia sifa.

"Kupungua?" Alicheka. "Wakili, sisi hatupungui!"

"Wameongezeka?"

"Kupita matarajio!" Akamgeukia hakimu kama mwenyekiti wa bodi. "Mheshimiwa, wameongezeka kila robo ya mwaka."

Wakili wa Serikali aliacha kupanga faili.

"Mlifanyaje?" Bi Chumvi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza.

"Ubunifu."

"Tufafanulie."

"Tulijiuliza, mwananchi anasubiri wapi? Maana mtu anayesubiri ana nafasi. Tukaona anasubiri kwenye malipo ya pensheni. Anasubiri zahanati. Tukawapeleka wauzaji hukohuko."

Hakimu, mtu wa sauti ndogo na kalamu ya taratibu, aliinua kichwa.

"Zahanati?"

"Kwenye foleni ya dawa, Mheshimiwa. Mauzo ya pale ni mazuri sana, hasa kwa wagonjwa wa kudumu." Mkurugenzi alitulia kidogo, apate kusikilizwa. "Kwa sababu wanarudi."

"Pingamizi!" Wakili wa Serikali alikuwa wima.

"Kwa msingi gani?" aliuliza hakimu.

"Maswali yanamwelekeza shahidi!"

"Ni maswali ya dodoso, wakili. Yanaruhusiwa kuelekeza."

"Niseme tu, Mheshimiwa," aliingilia Mkurugenzi, ameumia kidogo, "kwamba mimi sielekezwi na mtu."

"Tumeona," alisema hakimu, akaandika.

Bi Chumvi hakuwa na haraka.

"Na mwananchi aliyeacha kucheza?"

"Hatumtupi. Akikaa wiki mbili bila kucheza, simu yake inapokea ujumbe. Taifa Linakukumbuka. Na mchezo mmoja wa bure."

"Kweli kabisa!" ilisikika sauti kutoka benchi la nyuma. "Hata mimi walinitumia!"

Watu walicheka. Aliyesema ni Mama Mkwe, mama wa mke wa Kinyozi, ambaye tangu siku mkwewe alipokamatwa anawaeleza majirani kwamba binti yake aliolewa na mcheza kamari.

"Mama, kaa kimya," alisema hakimu.

"Nimekaa, Mheshimiwa. Nathibitisha tu."

"Swali la mwisho," alisema Bi Chumvi. "Mwananchi anayecheza mpaka anauza kitanda anacholalia. Huyo mnamwitaje?"

Wakili wa Serikali alimtolea macho shahidi wake. Akatikisa kichwa. Akakohoa, mara mbili, kikohozi cha mtu mzima. Vyote hivyo Mkurugenzi aliviona, akavichukulia kuwa ni kumtia moyo.

"Mteja mwaminifu," alisema.

Hata karani wa mahakama alisita kuandika.

Hakimu aliweka kalamu chini. Alisema kwamba kwa aliyoyasikia, anaona ipo haja ya kupeleka swali kwenye Mahakama ya Jumuiya, ile inayotafsiri Mkataba: je, nchi inayotafuta wachezaji kwenye foleni ya dawa inaweza kumfunga mtu kwa jina la kuwalinda wasicheze? Kesi ingesimama mpaka jibu lirudi, na mshtakiwa angebaki nje kwa dhamana. Aliamuru mapumziko mafupi, kisha asikilize pande zote.

Mkurugenzi alishuka kizimbani akitafuta mkono wa kushika. Wakili wa Serikali alimpita kama nguzo.

*

Kwenye ukumbi wa nje, Mama Mkwe alimfikia Kinyozi kabla hajafika kwenye benchi.

"Umeniaibisha, baba."

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Jina langu limeingia kwenye kesi ya kamari."

"Si ulijitaja mwenyewe?"

"Nilijitaja kwa ile ya taifa. Ile si kamari."

"Ni nini?"

"Ni kujenga nchi."

"Na umejenga mpaka wapi, mama?"

"Usinichezee. Juzi nilikosa kwa namba moja tu."

"Hata kwangu watu walikuwa wanakosa kwa timu moja tu."

"Kwako walikosa kwa sababu ni wizi. Mimi nilikosa kwa sababu siku yangu haijafika." Akavuta kanga yake begani. "Kuna tofauti. Ungesoma ungejua."

Bi Chumvi alikuwa amesimama karibu, akisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza profesa yeyote.

"Mama, ukiitwa kizimbani utasema hayo hayo?"

"Nitasema na zaidi!"

"Basi usirudi ndani. Shahidi haruhusiwi kusikiliza wenzake. Kaa hapa mpaka uitwe."

"Nani atanichungulilia yanayoendelea?"

"Hakuna."

Mama Mkwe alikaa, amekasirika na amefurahi kwa wakati mmoja.

Ng'ambo ya ua, chini ya bomba la maji linalovuja, Wakili wa Serikali alikuwa akizungumza na mtu. Mtu huyo alikuwa Mtanashati. Mmoja alisema kitu, mwingine akacheka, kisha wote wakacheka.

"Sikiliza," Bi Chumvi alimwambia Kinyozi. "Wataomba kufuta mashtaka. Wameshtuka. Wakifuta sasa, kabla hujaanza kujitetea, wanaruhusiwa kukukamata tena kesho kwa kosa lilelile, kwa hakimu mwingine. Na swali halitaenda popote. Ukisikia umeachiwa, usishangilie. Tazama kwanza kama kuna askari mlangoni."

"Kwa hiyo nikiachiwa, sijaachiwa?"

"Hujaachiwa."

"Dada, sheria yenu ina mambo."

Bi Chumvi alikuwa na jibu tayari kwa ombi la kufuta mashtaka. Alilipanga kichwani kwa mpangilio mzuri. Ni kazi safi, na ingefaa sana kama wapinzani wake wangefanya alichotarajia.

Hawakufanya.

*

"Mheshimiwa," alisema Wakili wa Serikali walipoketi, "tunaomba kubadilisha hati ya mashtaka. Inasema mshtakiwa alipokea madau akiwa wakala wa kampuni ya kigeni. Maneno hayo yaondolewe. Mahali pake pawekwe: kwa manufaa yake mwenyewe."

Maneno machache yalitoka, machache yakaingia. Benchi la nyuma halikuona kitu. Kinyozi naye hakuona. Lakini Bi Chumvi alihisi sakafu ikisogea.

Fuateni nami. Mkataba unailinda huduma inayovuka mpaka kutoka kwa mwenye leseni. Kinyozi akiwa wakala wa kampuni, Mkataba unamfunika. Kinyozi akiwa mtu tu mwenye mashine na tamaa yake, hakuna kilichovuka mpaka, hakuna leseni nyuma yake, na uzio wa serikali, uwe halali au haramu, haumhusu. Hakuna swali la kupeleka Mahakama ya Jumuiya. Kuna miaka mitatu tu.

"Napinga," alisema Bi Chumvi. "Mashahidi wao wenyewe wamemwita wakala tangu siku ya kwanza."

"Sheria inaruhusu hati ibadilishwe kabla upande wa mashtaka haujafunga," hakimu alisema, bila furaha. "Lakini, Wakili wa Serikali, unahitaji ushahidi."

"Tunao. Shahidi wetu wa mwisho."

Mlango ulifunguliwa na Mtanashati akaingia, tabasamu mahali pake.

Aliapa kwa sauti ya kupendeza.

"Kampuni yako ina mawakala katika nchi hii?"

"Hapana. Kampuni yetu inaheshimu sheria za kila nchi."

"Mashine iliyokamatwa ina nembo yenu."

"Mashine bandia zinauzwa mitandaoni. Tumelalamika mara nyingi. Sisi pia ni waathirika."

"Unamjua mshtakiwa?"

Mtanashati alimtazama Kinyozi kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyegongwa na gari la mwingine.

"Simjui."

"Umewahi kuzungumza naye?"

"Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona."

"Weee!" Kinyozi alikuwa ameshika ukingo wa kizimba. "Si tulikuwa wote asubuhi hapo nyuma? Si umeniambia nikiri?"

"Mshtakiwa, kaa."

"Nakaa, Mheshimiwa. Lakini huyu amesimama anadanganya!"

"Kaa."

Kinyozi alikaa. Bi Chumvi akasimama.

"Mshtakiwa alisajiliwa kwenye mfumo wenu kwa simu. Jina lake liko wapi?"

"Jina lake halimo kwenye mfumo."

"Halimo, au halimo tena?"

Tabasamu lilichelewa kidogo kufika.

"Halimo."

"Leo asubuhi, kabla ya mahakama kuanza, ulikuwa wapi?"

"Hotelini. Nakunywa chai."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Hukuingia chumba cha mawakili?"

"Hata sijui kiko upande gani."

Bi Chumvi hakuuliza tena. Wakili wa Serikali, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alionekana mtu mwenye raha.

"Wakili," alisema hakimu, "unadai shahidi anasema uongo. Una nani wa kuthibitisha?"

Hapo ndipo mtego ulipojifunga, na ninakiri kwamba kwa watu wa kiwango chao ulikuwa umetegwa vizuri.

Waliokuwa chumbani ni watatu. Mmoja ndiye huyu mwongo. Wa pili ni mshtakiwa, na kila mshtakiwa husema anachohitaji kusema. Wa tatu ni Bi Chumvi. Lakini maneno ya wakili akiwa mezani pake si ushahidi, hata akiyasema kwa kupiga kelele. Ili yawe ushahidi ni lazima aapishwe. Na wakili akishaapishwa katika kesi, hawezi tena kumtetea mtu katika kesi hiyo. Anakuwa shahidi, basi.

Akibaki mezani, uongo unasimama. Akienda kizimbani, Kinyozi hana wakili.

"Mheshimiwa," alisema Wakili wa Serikali, "kama utetezi hauna maswali zaidi, tunafunga upande wetu."

"Dada," Kinyozi alinong'ona, "kuna nini?"

Aliomba dakika moja, akasogea kwenye kizimba, akamweleza. Hakupamba. Alimwambia kama nilivyowaambia ninyi, kwa maneno machache zaidi.

"Sasa wewe unasemaje?" Kinyozi aliuliza.

"Mimi sisemi. Miaka ni yako."

Kinyozi alimtazama Mtanashati, aliyekuwa ameshuka na kuketi benchi la mbele, akinyoosha tai isiyokuwa na kasoro. Akamtazama Wakili wa Serikali na faili zake zilizopangwa kwa ukubwa. Kwa kawaida Kinyozi ni mtu mpole. Hata nywele huziomba ruhusa. Lakini kuna namna ya kudharauliwa ambayo humfanya hata mpole atake kuona mwisho wake.

"Nenda," alisema.

"Utajitetea mwenyewe. Umeelewa?"

"Nimenyoa watoto wanaolia na walevi wanaosinzia. Nenda, dada."

Bi Chumvi alivua joho lake, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha wakili. Bila joho alionekana mfupi. Hakimu alielewa kabla hajasema.

"Kesi ya kujibu ipo," alisema hakimu. "Shahidi wa kwanza wa utetezi?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

Wakili wa Serikali aliruka. Alisema shahidi amekaa ndani akisikiliza kila kitu. Alisema si haki, si kawaida, si heshima. Hakimu alimwacha amalize, akasema uzito wa ushahidi ataupima yeye mwenyewe baadaye.

"Basi naomba iandikwe," alisema Wakili wa Serikali, akijikusanya, "kwamba kuanzia sasa mshtakiwa hana wakili."

"Imeandikwa."

Karani alimwapisha. Bi Chumvi, aliyewahoji mashahidi kwa nusu ya maisha yake, alisimama pale wanaposimama mashahidi, na mikono yake haikujua pa kukaa.

"Mshtakiwa," alisema hakimu, "huyu ni shahidi wako. Atajibu utakachouliza wewe tu. Usichouliza hakitasikika. Na mimi siwezi kukusaidia."

Wakili wa Serikali aliegemea kiti. Alitarajia kigugumizi. Kwa uchache, alitarajia swali lile dogo, la nani alikuwa chumbani asubuhi, swali ambalo alikwisha kuliandalia majibu matatu.

Kinyozi alisimama. Alilamba midomo.

"Wakili," alisema, "asubuhi hii, yule mtu pale, alikuambia Wizara imewaahidi nini?"

"Pingamizi!"

Sauti zilikuwa mbili. Wakili wa Serikali alikuwa wima, uso umepauka. Na katika benchi la mbele, Mtanashati naye alikuwa wima, mkono juu, tabasamu limeanguka mahali fulani sakafuni.

Hakimu hakumtazama wakili. Alimtazama yule mwingine, kwa muda mrefu, kisha akaichukua kalamu yake.

"Na wewe, bwana usiyemjua mshtakiwa," alisema kwa sauti yake ndogo, "unapinga kama nani?"